Mkono Mmoja Uwanjani: Pete Gray na Msimu wa 1945

Huku kwetu mtu akitaja mpira, kila mtoto anaelewa kwamba ni mpira wa miguu. Watu wa Marekani wana mchezo wao mwingine, nao unaitwa besiboli. Leo tutawaelezea habari za mtu mmoja aliyeucheza katika ligi kubwa kwa msimu mmoja tu, msimu wa 1945, michezo 77 kwa jumla. Jina lake Pete Gray. Mkono wa kulia hakuwa nao.

Kwanza inafaa kuueleza mchezo wenyewe kidogo, maana pasipo kuufahamu hatutaona ugumu wa kazi yake. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja, anavurumisha kimpira kigumu kinachoenea katika kiganja. Mpigaji anasimama mbele yake na gongo la mti, analishika kwa mikono miwili, anajaribu kukipiga. Akikipiga vema, anakimbia kupita vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia, na hapo ekipe yake imepata alama moja. Wapinzani wametawanyika uwanjani, kila mmoja amevaa glovu ya ngozi mkono mmoja. Mkono wa glovu unadaka, mkono mwingine unautoa mpira na kuurusha upesi kituoni ili kumzuia mkimbiaji. Watatu kati yao wanasimama mbali kabisa, kule mipira mirefu inakoangukia. Hao ndio walinzi wa nje, na Pete Gray alikuwa mmoja wao. Basi, kila kitu katika mchezo huu kimepangwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono miwili: mmoja wa kudaka, mmoja wa kurusha, yote miwili ya kupiga.

Gray alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka 1915, katika mji wa Nanticoke, jimbo la Pennsylvania, katika nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Wazazi wake walikuwa wametoka Lituania, huko Ulaya, kama maelfu ya wengine waliovuka bahari kutafuta kazi. Jina la ukoo lilikuwa Wyshner. Gray ni jina alilojichagulia baadaye kwa ajili ya mchezo. Alipokuwa na umri wa miaka 6 alidandia gari la mchuuzi, kama watoto wanavyofanya mahali pote duniani ingawa wazazi wanawagombeza. Akaanguka, na mkono wake wa kulia ukanaswa katika gurudumu. Waganga walilazimika kuukata juu ya kiwiko.

Na mkono huo wa kulia ndio uliokuwa mkono wake wa kazi. Kwa hiyo kijana alipaswa kujifunza upya mambo yote kwa mkono wa kushoto: kula, kuandika, kufunga viatu. Kisha akajifunza kupiga. Alizoea kuokota mawe kando ya njia ya gari la moshi, anarusha jiwe juu kidogo, anashika fimbo upesi, anapiga. Hivi siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Mtu akipiga namna hiyo maelfu ya mara, jicho lake linakuwa kali na kifundo cha mkono kinapata nguvu isiyo ya kawaida. Alipokuwa mtu mzima aliweza kulizungusha gongo la uzito wa kawaida kwa mkono mmoja.

Ila kudaka na kurusha kulikuwa shida nyingine. Hapo alibuni njia yake mwenyewe. Aliondoa pamba yote ndani ya glovu ili iwe nyembamba na nyepesi. Mpira ukiingia glovuni, alikuwa akiipachika glovu chini ya kile kipande cha mkono wa kulia kilichobaki, anauvuta mkono wake utoke, mpira unabiringika juu ya kifua chake, anaudaka kwa mkono mtupu na kuurusha. Mwenye kusoma haya anahitaji muda mrefu kuliko Gray alivyohitaji kuyafanya. Waliomtazama wanasema jicho halikuweza kufuata.

Hata hivyo ekipe zilimkataa. Inasimuliwa kwamba mzee Connie Mack, mkubwa wa ekipe ya Philadelphia, alimjibu kwamba anao tayari watu wenye mikono miwili wasioweza mchezo huu. Inasimuliwa vilevile kwamba alikwenda kwa Max Rosner, mwenye ekipe ya Bushwicks huko Brooklyn, akamwekea noti ya dolari 10 mkononi: nisipofaa, pesa hii ni yako. Rosner akamjaribu, akamchukua. Mwaka 1942 akapata nafasi katika ligi ndogo huko Kanada, katika mji wa Trois-Rivières, akapiga vizuri sana. Kutoka hapo akaenda Memphis, katika jimbo la Tennessee.

Sasa tugeukie vita, kwa kuwa bila vita Gray huenda angebaki katika ligi ndogo siku zake zote.

Ujapani ilipopiga bandari ya Pearl Harbor mwezi wa kumi na mbili 1941, Wamarekani walijiuliza kama ni halali watu wazima kuendelea kucheza. Rais Franklin Roosevelt aliandika barua tarehe 15 mwezi wa kwanza 1942 kwa jaji Landis, aliyekuwa mkubwa wa besiboli yote. Alisema kwamba kwa maoni yake ni vema mchezo uendelee, maana watu watafanya kazi saa nyingi zaidi na watahitaji kupumzika. Lakini wachezaji wenye umri wa jeshi waende jeshini bila upendeleo. Na kweli walikwenda. Zaidi ya wachezaji 500 wa ligi kubwa walivaa nguo za askari, na kati yao walikuwamo wale wa kwanza kabisa: Joe DiMaggio, Ted Williams, Bob Feller, Hank Greenberg. Wawili waliowahi kucheza ligi kubwa waliuawa: Elmer Gedeon katika Ufaransa mwaka 1944, na Harry O'Neill katika kisiwa cha Iwo Jima mwaka 1945. Gedeon naye alikuwa mlinzi wa nje.

Hata vitu vya kutengenezea mipira vilikosekana. Wajapani walikuwa wameteka Malaya na nchi za jirani kulikokuwa na mashamba makubwa ya mpira, na kila kilo ya mpira ilitakiwa kwa magurudumu ya motokari na ndege za vita. Wazee wetu waliionja sehemu yao ya jambo hilo, maana katika miaka ile serikali ya Wabelgiji iliwatuma tena watu wa vijiji kuingia msituni kutafuta mpira wa porini, kazi ambayo babu zao waliilaani tangu zamani za Leopold. Huko Marekani walijaribu kutengeneza mipira ya besiboli kwa utomvu mwingine uitwao balata. Mwanzo wa msimu wa 1943 mipira hiyo ilikuwa mizito, haikuruka, wapigaji wakanung'unika, ikabidi ibadilishwe upesi.

Basi nafasi zilikuwa wazi, na ekipe zilichukua waliobaki. Walirudishwa wazee waliokwisha kustaafu. Walichukuliwa vijana: mwaka 1944 ekipe ya Cincinnati ilimwingiza uwanjani Joe Nuxhall, mwenye umri wa miaka 15. Walichukuliwa pia wale ambao waganga wa jeshi waliwakataa kwa sababu ya sikio, goti au moyo. Ekipe ya Browns ya mji wa St. Louis ilikuwa na wengi wa namna hiyo, na nao wakashinda shampiona ya Ligi ya Amerika mwaka 1944, mara ya kwanza na ya pekee katika maisha yote ya ekipe hiyo.

Mwaka ule ule, huko Memphis, Pete Gray alifanya maajabu. Alipata pigo zuri 333 kwa kila 1000, yaani moja katika kila tatu, na hiyo ni kazi ya mpigaji hodari hata kama ana mikono minne. Aliiba vituo 68, maana alikuwa mwepesi wa miguu. Mara 5 aliupiga mpira ukavuka ukuta. Alichaguliwa kuwa mchezaji mwenye faida kubwa kupita wote katika ligi ile. Browns wakamnunua kwa dolari 20,000.

Hapa ubishi unaanza. Je, walimnunua kwa sababu ya pigo hizo, au kwa sababu watu wangelipa kiingilio kumtazama mtu wa mkono mmoja? Luke Sewell, aliyeongoza Browns uwanjani, alisema miaka mingi baadaye kwamba Gray hakufaa kwa ligi kubwa, kwamba wakubwa walitafuta kitu cha kuvuta watu mlangoni, na kwamba Gray mwenyewe alijua anatumiwa. Mimi naona maneno ya Sewell ni ya kweli nusu. Mtu aliyepiga kama Gray alivyopiga Memphis mwaka 1944 alikuwa amejilipia tikiti yake. Angekuwa na mikono yote miwili, hakuna ambaye angeuliza kwa nini amenunuliwa.

Msimu ulianza tarehe 17 mwezi wa nne 1945, siku 5 tu baada ya kifo cha Rais Roosevelt. Browns waliwapiga Detroit 7 kwa 1, na Gray akapata pigo moja zuri katika nne. Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 20 mwezi wa tano, dhidi ya Yankees wa New York. Siku hiyo walicheza mara mbili. Katika mchezo wa kwanza alifika vituoni mara tano, na katika mchezo wa pili alipiga tena na kukimbia kuleta alama ya ushindi. Ujerumani ilikuwa imekwisha kusalimu amri majuma mawili kabla.

Lakini warushaji wa ligi kubwa si watoto. Walimchunguza, wakagundua kasoro moja. Mwenye mikono miwili akianza kulizungusha gongo na kuona mpira unakuja polepole au unapinda, mkono wa pili unamsaidia kulizuia. Gray akianza, alikuwa ameanza. Hakuweza kusimama katikati. Wakaacha kumrushia mipira ya kasi, ambayo aliipenda, wakamrushia ya polepole na ya kupinda. Hesabu zake zikashuka. Mwisho wa msimu alikuwa amejaribu mara 234 na kupata pigo nzuri 51, ndiyo 218 kwa kila 1000. Angalia tena jambo hili: katika majaribio hayo yote, mara 11 tu alitolewa kwa kuukosa mpira. Jicho lake halikuwa na hitilafu, mkono wa pili ndio uliokosekana.

Na kule nyuma uwanjani, njia yake ya glovu na kifua, hata ikiwa ya upesi namna gani, ilikula kipande cha saa. Wakimbiaji wa upinzani walikijua kipande hicho, nao wakajiongezea kituo kimoja zaidi. Hapo wenzake walianza kukasirika. Walikuwa washindi wa mwaka uliopita, walitaka kushinda tena, na pesa ya shampiona si ndogo. Mark Christman, mmoja wao, alisema wazi kwamba Gray alifanya vizuri kadiri ya alichokuwa nacho, lakini aliwapotezea michezo kadhaa. Mlinzi mwingine wa nje, Mike Kreevich, ambaye mwaka wa 1944 alikuwa nguzo ya ekipe, aliona haya kukaa kando huku mtu wa mkono mmoja akicheza mahali pake. Mwezi wa nane Kreevich akahamia Washington. Browns walimaliza wa tatu, nyuma ya Detroit kwa michezo 6. Tusiwahukumu wenzake hao kuwa wabaya. Mtu anayekula kwa jasho la mchezo ana haki ya kutaka mwenzake aliye bora zaidi kando yake. Na Gray naye, kwa kusema kweli, hakuwa mwepesi wa kukaa naye: alikuwa mkimya, mwenye kuudhika upesi, na aliyeichukia huruma.

Huruma hiyo ilimfuata popote. Magazeti yalimwita shujaa. Waandishi wa michezo wa Philadelphia walimpa tuzo ya ushujaa, naye akawajibu kwamba hawezi kupigana vitani, na ushujaa mahali pake ni kule vitani, si katika uwanja wa besiboli. Alikuwa amejaribu kujiandikisha jeshini, wakamkataa. Hata hivyo alikwenda katika hospitali za askari kuwatembelea vijana waliorudi kutoka Ulaya na Pasifiki bila mikono au miguu. Pale, nafikiri, alikuwa na kazi ambayo hakuna mchezaji mwingine angeweza kuifanya. Mmoja wa askari wa namna hiyo alifika ligi kubwa vilevile: Bert Shepard, rubani aliyeangushwa Ujerumani mwaka 1944 na kukatwa mguu. Tarehe 4 mwezi wa nane 1945 alirusha mpira kwa ekipe ya Washington akiwa na mguu wa bandia, akawazuia wapinzani vizuri kabisa. Hakuitwa tena.

Lakini kuna watu wengine waliomtazama Gray kwa uchungu wa namna nyingine, nao wanastahili kutajwa katika gazeti linalosomwa na Waafrika. Ni wachezaji weusi wa Marekani. Kwa miaka zaidi ya 50 ligi kubwa ziliwafungia mlango. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ilitosha kwamba wenye ekipe wote walipatana. Walikuwa na ligi zao wenyewe, na ndani yake watu kama Josh Gibson na Satchel Paige, ambao wengi wanawahesabu kati ya wachezaji bora wa nyakati zote. Katika uwanja wenyewe wa Browns huko St. Louis, mpaka mwaka 1944 watazamaji weusi walitengwa katika sehemu yao.

Sasa fikiria. Vita vimechukua watu, nafasi ni wazi, ekipe zinahangaika. Wanamtwaa mtoto wa miaka 15. Wanamtwaa mtu mwenye mkono mmoja. Na katika mwaka huo huo wa 1945, katika jimbo hilo hilo la Missouri, huko Kansas City, Jackie Robinson anacheza katika ekipe ya watu weusi, ana miaka 26, mikono yote miwili, miguu ya kasi, na hakuna mkubwa wa Browns anayemtafuta. Wachezaji weusi waliuliza swali hilo kwa sauti, na swali halikuwa na jibu la haki. Si kosa la Gray. Yeye alibisha hodi kwa miaka mingi mpaka akafunguliwa. Ila mlango uliofunguliwa kwake uliwaonyesha watu wote kwamba haukuwa umefungwa kwa sababu ya uwezo.

Vita vilipokwisha, wenye nafasi walirudi. Hank Greenberg wa Detroit alirudi uwanjani tarehe 1 mwezi wa saba, akapiga mpira ukavuka ukuta siku ile ile. Tarehe 30 mwezi wa tisa, siku ya mvua, Detroit walikuja St. Louis wakihitaji ushindi mmoja wa kutwaa shampiona. Katika zamu ya mwisho Browns walikuwa mbele. Vituo vyote vitatu vilikuwa na wakimbiaji wa Detroit, na Greenberg akasimama na gongo. Akaupiga mpira nje ya uwanja, alama nne kwa pigo moja, 6 kwa 3. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Pete Gray katika ligi kubwa. Hakufikisha mwezi mmoja nyumbani kabla habari nyingine haijatokea: tarehe 23 mwezi wa kumi, ekipe ya Montreal, iliyo chini ya Brooklyn, ilitangaza kwamba imemwandikisha Jackie Robinson. Mwaka 1947 Robinson aliingia ligi kubwa, na mwezi wa saba wa mwaka huo Browns wenyewe walimchukua Hank Thompson na Willard Brown.

Gray alipelekwa Toledo, ligi ndogo, mwaka 1946. Browns walijaza nafasi zao kwa watu kamili, wakamaliza wa saba kati ya ekipe nane. Baadaye alicheza Elmira na Dallas, na kufika mwaka 1949 mambo yalikuwa yamekwisha. Ekipe ya Browns nayo iliondoka St. Louis baada ya msimu wa 1953, ikahamia Baltimore na kubadili jina.

Gray alirudi Nanticoke. Kwa miaka mirefu pombe na kamari zilimtesa, mpaka akaacha kunywa. Waandishi walipomtembelea hakuwa na maneno mengi. Mmoja alimwuliza angefika wapi kama angekuwa na mikono miwili. Alijibu kwamba nani ajuaye, pengine angefanya vizuri zaidi, lakini labda asingekuwa na bidii ile. Mwaka 1986 walitengeneza filamu juu ya maisha yake. Alikufa tarehe 30 mwezi wa sita 2002, akiwa na umri wa miaka 87. Glovu yake imewekwa katika jumba la makumbusho ya besiboli huko Cooperstown, ile nyembamba, iliyotolewa pamba.